Neno la mwisho ni la nani? Njia za Australia za kuwarudishia Waaborijini maamuzi, zikilinganishwa

Anayetafuta mfano wa serikali iliyojaribu kuwarudishia watu wa asili maamuzi juu ya mambo yao hawezi kuikwepa Australia. Ila Australia si mfano mmoja. Ndani ya nchi hiyohiyo kuna ardhi yenye hati isiyouzika, kuna haki ya ardhi inayopiganiwa mahakamani, kuna vituo vya afya vinavyomilikiwa na wanaotibiwa humo, kuna mabaraza ya kuchaguliwa, kuna mkataba wa jimbo na kuna makubaliano ya kitaifa yenye malengo ya kuhesabika. Mojawapo ya njia hizo imedumu karibu miaka 50. Nyingine ilifutwa kabla ya kutimiza miaka 2. Mtu akisema "tufuate mfano wa Australia" bila kutaja upi, bado hajasema kitu.

Ulinganisho huu ni wa mtu mwenye uamuzi mbele yake: kiongozi wa asasi ya wafugaji au wawindaji, wakili wa jamii, ofisa wa kaunti au halmashauri, mwanafunzi anayeandaa andiko la sera. Kwetu jambo hili haliko mbali. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliwapa Waogiek wa msitu wa Mau ushindi dhidi ya Kenya tarehe 26 Mei 2017, na tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Hati ya namna gani? Ikae mikononi mwa nani? Iwe na nguvu gani mbele ya mwekezaji? Maswali hayo Australia imeyajibu kwa sheria tatu tofauti, na majibu hayo hayalingani kwa ubora.

Mizani yenyewe

Kila njia hapa tunaipima kwa maswali matatu. Nani ana neno la mwisho pale jamii na serikali zinapotofautiana? Fedha zinapitia mfuko wa nani, na kwa muda gani? Na serikali mpya ikitaka kuifuta njia hiyo, itahitaji nini: barua ya waziri, kura ya bunge, au kulipa fidia?

Swali la tatu ndilo linalosahauliwa, na ndilo lililowaumiza Waaborijini, yaani watu wa asili wa Australia, mara nyingi zaidi. Kuanzia 1990 Australia ilikuwa na tume ya kitaifa iliyojulikana kama ATSIC. Wajumbe wake walichaguliwa na Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait wenyewe, ilikuwa na mabaraza ya kanda 35 na bajeti iliyozidi dola bilioni 1 za Australia kwa mwaka. Ilikuwa na uwakilishi na fedha kwa pamoja, jambo ambalo halijarudiwa tangu hapo kwa ngazi ya taifa. Lakini madaraka yake yalikuwa na mapengo. Afya iliondolewa kwake 1995 ikapelekwa wizara ya afya, na bado watu waliilaumu kwa hali ya afya vijijini. Mwaka 2005 ikavunjwa kwa sheria, vyama vikuu vyote viwili vikikubaliana. Fidia haikulipwa, kwa kuwa chombo cha uwakilishi si mali ya mtu.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote. Katiba ya Australia, kifungu cha 51(xxxi), inataka serikali kuu ikichukua mali ilipe fidia ya haki. Ardhi ni mali. Baraza si mali. Ndiyo maana tunaanza na ardhi.

Ardhi: sheria tatu

| | Northern Territory, sheria ya 1976 | Sheria ya kitaifa ya 1993 | New South Wales, sheria ya 1983 |
|---|---|---|---|
| Jamii inathibitisha nini | Wenye ardhi kwa mila ni akina nani | Mila na uhusiano na ardhi usiokatika tangu ukoloni | Ardhi ya serikali haitumiki wala haihitajiki |
| Inapata nini | Umiliki kamili, usiouzika | Kundi la haki, kubwa au dogo kulingana na eneo | Umiliki kamili, unaouzika kwa masharti |
| Mwekezaji wa madini | Anaweza kukataliwa | Mazungumzo tu | Ridhaa kwa madini kadhaa. Si dhahabu, fedha, makaa ya mawe wala mafuta |
| Mwanachama ni nani | Ukoo wenye ardhi | Kundi lililotajwa na mahakama | Mwaborijini mtu mzima wa eneo hilo |

Sheria ya Northern Territory ndiyo yenye meno. Ilitokana na tume ya Jaji Edward Woodward ya 1973 na 1974, baada ya Wagurindji kugoma na kuondoka katika ranchi ya Wave Hill mwaka 1966. Leo karibu nusu ya eneo lote la Northern Territory ni ardhi ya Waaborijini chini ya sheria hiyo, pamoja na sehemu kubwa ya pwani; na mwaka 2008 Mahakama Kuu, ambayo huko ndiyo ya juu kuliko zote, katika kesi ya Blue Mud Bay, ilisema kwamba hata maji yanayofunika ardhi hiyo wakati wa kujaa yamo ndani ya hati.

Uzuri wake uko katika namna kazi ilivyogawanywa. Hati inashikwa na amana ya ardhi, chombo ambacho hakina kazi nyingine na hakiwezi kutenda chochote bila maelekezo. Kazi ya kila siku, yaani wanasheria, wataalamu wa koo, mikutano na mikataba, inafanywa na baraza la ardhi. Yako manne: Northern, Central, Tiwi na Anindilyakwa. Uamuzi ni wa wenye ardhi kwa mila. Baraza haliruhusiwi kuielekeza amana isaini mpaka liridhike kwamba wenye ardhi wameelewa kinachopendekezwa na, kama kundi, wamekubali. Mwekezaji akiwapata wazee wawili hotelini na kuwasainisha karatasi, karatasi hiyo haina kazi. Mwenyekiti wa baraza naye hawezi kuuza ardhi ya ukoo mwingine.

Kampuni ikitaka kutafuta madini inaomba ridhaa kupitia baraza. Wenye ardhi wakikataa, ombi limekwama na eneo hilo linapumzika miaka 5 kabla halijaombwa tena. Serikali kuu inaweza kulipita katazo hilo kwa kutangaza kwamba maslahi ya taifa yanadai hivyo. Ila kuna mtego ambao anayeiga sheria hii lazima aujue: tangu mabadiliko ya 1987, nafasi ya kukataa ni moja, wakati wa utafutaji. Wakisharuhusu utafutaji, mgodi wenyewe hawawezi kuuzuia. Wanajadiliana masharti tu. Kwa hiyo mkutano wa kwanza, ambao mara nyingi huonekana mdogo kwa sababu hakuna shimo lililochimbwa bado, ndio mkutano wenyewe. Masharti ya maji, barabara, makaburi na ajira lazima yawekwe mezani siku hiyo.

Fedha nazo zina mfereji wake. Serikali kuu inaweka katika mfuko maalumu kiasi kinacholingana na mrabaha wa madini yaliyochimbwa kwenye ardhi hiyo, na 30% ya kiasi hicho inarudi kwa watu wa eneo lililoguswa na mgodi. Mabadiliko ya 2021 yaliunda shirika la uwekezaji linaloongozwa na Waaborijini na kulipa mtaji wa dola milioni 500.

Hata hivyo hati hii haikuwa ngao kamili. Juni 2007 serikali ya waziri mkuu John Howard ilitangaza hatua za dharura Northern Territory, zikagusa jamii 73. Sheria ya 1975 ya kupinga ubaguzi wa rangi ilisimamishwa kuhusiana na hatua hizo, sehemu ya posho za watu ikazuiliwa isitumike wapendavyo, na serikali ikajichukulia ukodishaji wa lazima wa miaka 5 juu ya makazi yaliyo ndani ya ardhi hiyohiyo isiyouzika. Wenye ardhi wa Maningrida walikwenda mahakamani. Mwaka 2009, katika kesi ya Wurridjal, walishindwa kuizuia serikali, lakini Mahakama Kuu ilikubali kwamba kuwachukulia ardhi kunadai fidia ya haki. Linganisha na ATSIC: huku kulikuwa na kitu cha kudai.

Upungufu mwingine ni kwamba mlango umefungwa. Madai mapya hayakupokelewa baada ya Juni 1997, na ardhi ya mijini haikuingia kabisa.

Sheria ya 1993 ilizaliwa na hukumu ya Mabo ya tarehe 3 Juni 1992, iliyotupilia mbali dhana kwamba Australia ilikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Kwa heshima ya historia hukumu hiyo haina mfano. Kwa matumizi, sheria yenyewe ni nzito na haki zake ni nyembamba. Wadai wanatakiwa kuthibitisha kwamba mila zao zimeendelea kufuatwa, kizazi hadi kizazi, tangu Waingereza walipojitangazia mamlaka. Waliofukuzwa kwa nguvu zaidi ndio wenye ushahidi mgumu zaidi kuupata. Wayorta Yorta wa mpaka wa Victoria na New South Wales walishindwa mwaka 2002 kwa hoja hiyo. Na pale ambapo serikali ilikwisha kumpa mtu umiliki kamili wa kiwanja au shamba, haki ya asili, yaani haki ya ardhi inayotokana na mila, imezimika.

Wanaoshinda wanapata nafasi ya kuzungumza. Serikali inatoa tangazo kwamba inakusudia kumpa mtu leseni ya madini. Wadai wasiosajiliwa bado wana miezi 3 ya kuwasilisha madai yao. Mazungumzo ya nia njema yanatakiwa kwa angalau miezi 6. Baada ya hapo upande wowote unaweza kwenda kwenye Baraza la Usuluhishi la haki ya asili, na baraza hilo limekataa leseni kwa nadra mno. Kampuni inayajua hayo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo inazungumza huku ikiangalia kalenda.

Mei 2020 dunia iliona maana yake. Kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge huko Pilbara, mahali palipokaliwa na binadamu kwa miaka 46,000. Wapuutu Kunti Kurrama na Wapinikura, wenye ardhi hiyo, walikuwa na hukumu ya mahakama inayowatambua tangu 2015. Ulipuaji ulikuwa halali: ruhusa ilitolewa chini ya kifungu cha 18 cha sheria ya urithi ya Western Australia ya 1972. Utambuzi wa mahakama haukuwa na uwezo wa kuzuia baruti.

Panapobaki nguvu ni kwenye fidia. Mwaka 2019, katika kesi ya Timber Creek, Mahakama Kuu iliwapa Wangaliwurru na Wanungali takriban dola milioni 2.5, na zaidi ya nusu ya hizo zilikuwa za hasara ya kiroho na kimila. Machi 2025, katika kesi iliyofunguliwa na Yunupingu wa Wagumatj wa Arnhem Land, mahakama hiyo ilithibitisha kwamba kinga ya fidia ya katiba inaifikia haki ya asili pia.

Kuna jamii zilizoamua kuuza shauri kwa bei nzuri. Wanoongar wa kusini magharibi, takriban watu 30,000, walikubali haki yao ya asili izimwe, na kwa badala yake Western Australia ikaingia makubaliano sita yaliyoanza kazi tarehe 25 Februari 2021: dola milioni 50 kila mwaka kwa miaka 12 katika amana yao, ardhi hadi hekta 320,000, na mashirika sita ya kanda. Wako Wanoongar waliolipinga hadi mahakamani, na hoja yao ina uzito: fedha zitakwisha, haki iliyozimwa hairudi. Lakini kwa jamii ambayo ardhi yake imeshajengwa miji kama Perth, haki inayobaki vichakani ni ndogo kuliko inavyosikika.

Kuhusu New South Wales tuseme machache. Sheria yake ya 1983 haidai uthibitisho wa mila hata kidogo, na hilo linawasaidia waliohamishwa na kutawanywa. Kwa miaka 15, hadi 1998, ilitengewa 7.5% ya kodi ya ardhi ya jimbo. Sehemu iliwekezwa, na faida ya uwekezaji huo ndiyo inayoendesha mabaraza 120 na ushei hadi leo bila kuomba ruzuku. Kwa upande wa fedha huu ndio mpango bora kuliko yote tuliyoitaja. Kasoro ni foleni: madai ya ardhi yasiyoamuliwa ni makumi ya maelfu, kwa sababu sheria haikumwekea waziri siku ya mwisho ya kujibu. Anayeandika sheria ya namna hii aweke siku hiyo, na aseme kimya cha waziri kinamaanisha nini.

Huduma zinazoendeshwa na jamii

Hapa ndipo ustawi wa watu unapoonekana kwa macho. Kituo cha kwanza cha afya kilichomilikiwa na Waaborijini kilifunguliwa Redfern, Sydney, mwaka 1971, wakati ambapo wengi waliogopa au walidharauliwa hospitalini. Leo vituo vya aina hiyo vimezidi 140 nchi nzima. Kila kimoja ni shirika lililosajiliwa, wanachama ni Waaborijini wa eneo hilo, na bodi inachaguliwa nao katika mkutano mkuu. Daktari anaajiriwa na bodi. Akiwaudhi wagonjwa, wagonjwa ndio waajiri wake.

Kinachofanya vituo hivi visimame ni kuwa na mifereji miwili ya fedha. Wa kwanza ni ruzuku ya msingi ya serikali kuu. Wa pili ni malipo ya Medicare, bima ya afya ya taifa, kwa kila mgonjwa anayeonwa. Kwa kawaida kituo kinachopewa ruzuku ya serikali hakiruhusiwi kudai Medicare kwa huduma ileile; hivi vimepewa msamaha chini ya kifungu cha 19(2) cha sheria ya bima ya afya. Uchunguzi wa mwili mzima kwa Mwaborijini, unaojulikana kwa namba yake 715, unalipiwa humo: shinikizo la damu, sukari, figo, masikio ya watoto, hali ya nyumbani, kisha mpango wa kufuatilia. Kituo kinachofanya 715 nyingi na kuzifuatilia kinajipatia fedha ambazo hakuna mfadhili anayezipangia matumizi. Ndiyo hizo zinazolipa dereva wa kumfuata mgonjwa nyumbani.

Mambo yanayoharibika hapa yanajulikana. Kwanza, ruzuku nyingi ndogondogo za muda mfupi, kila moja na ripoti yake. Mtumishi hodari anamaliza wiki akijaza fomu, na mkataba ukibaki miezi mitatu anatafuta kazi kwingine. Pili, bodi kutekwa na familia moja. Dawa yake ni katiba ya shirika: orodha ya wanachama iwe wazi, viti vigawanywe kwa koo au vitongoji, nusu ya wajumbe wamalize muda mwaka huu na nusu mwaka ujao ili bodi isibadilike yote kwa siku moja. Mashirika mengi yamesajiliwa chini ya sheria ya 2006 ya mashirika ya watu wa asili, ambayo inampa msajili uwezo wa kuteua msimamizi maalumu shirika linapoyumba, kulinyoosha, kisha kulirudisha kwa wanachama. Ni uwezo mkubwa, lakini umeokoa vituo ambavyo vingefungwa.

Mbele zaidi ya afya kuna watoto. Historia ya kuwapokonya Waaborijini watoto wao ndiyo jeraha kubwa la nchi hiyo. Waziri mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni kwa niaba ya taifa tarehe 13 Februari 2008. Victoria ilichukua hatua ambayo majimbo mengine yameanza kuiangalia. Kifungu cha 18 cha sheria yake ya watoto ya 2005 kinaruhusu mamlaka ya kisheria juu ya mtoto wa Kiaborijini aliye chini ya amri ya ulinzi yatoke kwa katibu mkuu wa idara yaende kwa mkuu wa shirika la Waaborijini. Kifungu hicho kilikaa bila kutumika hadi 2017, VACCA, shirika la Waaborijini la huduma za watoto, lilipokuwa la kwanza kukabidhiwa. Mkuu wa shirika ndiye anayeamua mtoto akae na shangazi gani, aonane na mama yake lini, asome shule ipi, ndani ya amri ya mahakama. Neno la mwisho limehama kweli, si kwa heshima tu. Wanaoiga waangalie jambo moja: mamlaka yakihama bila fedha zinazolingana na mzigo, shirika linarithi lawama za serikali na uhaba wa serikali kwa pamoja.

Bourke, mji mdogo wa New South Wales, ulitumia mantiki hiyohiyo kwa polisi na mahakama kupitia mpango wa Maranguka, unaoongozwa na baraza la koo za mji huo. Kila asubuhi wahudumu na polisi hukutana kupitia matukio ya usiku na kukubaliana nani aende nyumba gani kabla jambo halijawa kesi. Tathmini ya kampuni ya ukaguzi ya KPMG ya 2018 ilikuta matukio ya ukatili wa nyumbani yaliyoripotiwa polisi yamepungua kwa 23% na mashtaka ya vijana katika makosa matano makuu kwa 38%. Ni mji mmoja na ni kipindi kifupi, kwa hiyo namba hizo zisibebeshwe zaidi ya uzito wake. Ila zinaendana na uchunguzi wa Michael Chandler na Christopher Lalonde huko British Columbia, Kanada, uliochapishwa 1998: jamii za watu wa asili zilizoshika mambo yao zenyewe, yaani ardhi, shule, afya, polisi na zimamoto, na nyumba za utamaduni, zilikuwa na vifo vichache zaidi vya vijana kujiua.

Mabaraza na mikataba ya kisiasa

Tarehe 14 Oktoba 2023 Waaustralia walipiga kura ya maoni kuhusu kuweka ndani ya katiba chombo cha Waaborijini cha kulishauri bunge. Asilimia 60 walikataa, na majimbo yote sita yalikataa. South Australia ilikuwa imeshapitisha sheria yake ya chombo kama hicho mwezi Machi mwaka huohuo: kanda 6, wajumbe 46, na juu yao baraza la watu 12 lenye haki ya kusimama bungeni na kuzungumzia muswada wowote. Uchaguzi wa kwanza, Machi 2024, ulivutia chini ya 10% ya wenye haki ya kupiga kura. Wapinzani waliichukua namba hiyo kuwa ushahidi kwamba watu hawalitaki. Tunaona sivyo. Nchi ambayo kura ya kawaida ni ya lazima kisheria imewazoesha watu kwamba kura ya hiari ni jambo dogo, na chombo cha ushauri tupu hakimpi mtu sababu ya kuendesha gari kilomita 100. Wape wajumbe hao bajeti ya barabara au nyumba uone foleni.

Victoria ilijenga taratibu zaidi. Sheria ya 2018 ilifungua njia ya mkataba kati ya jimbo na Waaborijini. Bunge la Watu wa Kwanza, chombo cha kuwawakilisha Waaborijini, likachaguliwa 2019, wapiga kura kuanzia umri wa miaka 16, likiwa na viti vilivyotengwa kwa makundi ya wenye ardhi yaliyotambuliwa. 2022 ikawekwa mamlaka huru ya kusimamia mazungumzo pamoja na mfuko wa kuyawezesha makundi kujadiliana bila kuombaomba. Tume ya ukweli ya Yoorrook, yenye uwezo wa kuita mashahidi kwa lazima, ilifanya kazi 2021 hadi 2025. Mkataba wa jimbo ulipitishwa na bunge la jimbo Oktoba 2025 na kusainiwa Novemba. Umelifanya Bunge la Watu wa Kwanza kuwa sehemu ya chombo cha kudumu kiitwacho Gellung Warl, chenye mkono wa kuzihoji wizara na mkono wa kuendeleza kazi ya ukweli. Hauna kura ya turufu juu ya sheria za jimbo. Muungano wa vyama vya upinzani vya Liberal na Nationals uliupinga na kuahidi kuufuta, na uchaguzi wa jimbo ni Novemba 2026.

Ahadi kama hiyo si ya mdomo tu. Queensland ilipitisha sheria yake ya njia ya mkataba Mei 2023, upinzani ukiipigia kura ya ndiyo. Baada ya kura ya maoni ya Oktoba upinzani huohuo ukageuka, ukashinda uchaguzi Oktoba 2024, na kabla ya Desemba sheria ilikuwa imefutwa na uchunguzi wa ukweli umefungwa miezi michache tu baada ya kuanza kusikiliza watu. Wazee waliokuwa wakisubiri zamu yao ya kusema waliambiwa hakuna tena pa kusemea.

Makubaliano ya kitaifa

Makubaliano ya Kuziba Pengo ya Julai 2020, yaani pengo la maisha kati ya Waaborijini na Waaustralia wengine, yanatofautiana na yale ya 2008 kwa jambo moja kubwa: yalisainiwa na serikali zote pamoja na muungano wa mashirika ya Waaborijini yenyewe. Yana malengo 19, kwa mfano kupunguza kiwango cha watu wazima walio gerezani kwa angalau 15% na cha watoto walio nje ya familia zao kwa 45%, yote ifikapo 2031, na mageuzi manne ya namna serikali inavyofanya kazi.

Hayana mahakama. Serikali isiyotimiza hainyimwi chochote. Tume ya Tija, chombo cha serikali kuu kinachotathmini utekelezaji, ilisema waziwazi mwaka 2024 kwamba serikali kwa sehemu kubwa hazijabadili mwenendo wao, na takwimu zake za Julai 2025 zilionyesha malengo 4 tu kati ya 19 yako kwenye njia, huku mengine 4 yakirudi nyuma: magereza, watoto walio nje ya familia, watu kujiua, na makuzi ya watoto wanaoanza shule. Faida yake ni nyingine: shirika la jamii likienda kuomba fedha, linaweza kufungua ukurasa ambapo waziri huyohuyo amesaini kwamba huduma zihamishiwe kwa jamii. Ni karatasi ya kudaia. Itumike hivyo.

Uchague ipi

Kama mgodi, bomba au shamba kubwa liko njiani, chukua muundo wa Northern Territory: hati ya pamoja, vyombo vitatu vyenye kazi tofauti, na haki ya kukataa. Rekebisha kasoro ya 1987 kwa kudai ridhaa mara mbili, wakati wa utafutaji na tena kabla ya uchimbaji. Kenya tayari ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, yenye kamati ya watu 7 hadi 15 na sharti la theluthi mbili ya wanachama kabla ya ardhi kuuzwa. Kinachokosekana ni kitu kama baraza la ardhi, chenye wanasheria wa kudumu, ambacho kamati ya kijijini inaweza kukimbilia bila kulipa.

Kama watu wamehamishwa na kuchanganyika, usiwadai uthibitisho wa mila. Chukua New South Wales, pamoja na asilimia ya kodi iliyotajwa ndani ya sheria.

Kama hali mbaya ni ya afya au ya watoto, usisubiri ardhi wala mkataba. Anzisha huduma. Inahitaji usajili, katiba nzuri na mkataba wa kwanza, na inazalisha viongozi ambao baadaye ndio wataketi meza ya mazungumzo makubwa; vituo vya Redfern na vya Fitzroy, Melbourne, vilikuwa shule ya siasa kwa kizazi kizima.

Baraza la ushauri peke yake tunalipa nafasi ya mwisho. Mkataba wa jimbo tunauweka juu yake, kwa masharti mawili: mfuko uwe umeshakabidhiwa kwa amana ya jamii kabla ya uchaguzi unaofuata, na kila kinachoweza kuandikwa kama mali, iwe ardhi, jengo, hisa au mrabaha, kiandikwe hivyo.

Na kabla ya kusaini chochote, msomeshe wakili wako vipengele vitatu vya mkataba wa fedha: muda (chini ya miaka 5 huwezi kumshika muuguzi mzuri), kipengele cha kuvunja (tafuta maneno yanayoiruhusu serikali kujitoa bila sababu, yafute au yaandikiwe fidia), na takwimu (majina na rekodi za wagonjwa zibaki mali ya shirika hata mkataba ukiisha).